Sikio la Kushoto

Nahodha alinyanyua mkono wa kulia, akaapa, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayeagiza chai: “Nilimsikia kwa masikio yangu. Aliyesema ni Kisiki.”

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, na najua wengi wenu mlilala mmeridhika. Wapo walioniandikia wakitaka Kisiki afungiwe maisha. Mwingine alitaka anyolewe upara hadharani, hajui kwamba upara mwenzake anao tangu zamani. Nawaomba mniwekee akiba ya maneno.

Kwa aliyelikosa gazeti, au aliyelifungia sabuni kabla hajalisoma, mambo yako hivi.

Nguzo ni mchezaji wa raga wa kulipwa, jezi namba tatu, shingo nene, maneno machache. Kazi yake ni skramu. Watu wanane wa huku na wanane wa kule wanainama, wanashikana, wanaingiza vichwa na kusukumana kugombea mpira. Kwenye mechi ya ligi, muda ukiwa umekaribia kwisha, hatua chache kutoka mstari wa wapinzani, vichwa vikiwa ndani, Nguzo alisikia mtu akimwita mtoto wa hema.

Tusi hilo lilimkata maini kwa sababu ni kweli. Yeye na dada yake walizaliwa kambini, chini ya turubai, mama yao akiwa amekimbia vita bila hata kufunga mlango. Nguzo haionei aibu kambi, lakini hakuwahi kuitangaza, maana anawajua watu. Leo utawaambia ulizaliwa hemani, kesho watakuuliza lini unarudi kwenu.

Timu yake ilisukuma, ikapata trai, lile bao la raga, ikashinda. Wenzake waliporukaruka, yeye alimfuata refa, akanyoosha kidole kwa Kisiki mbele ya kamera zote.

Kisiki ni namba mbili wa timu pinzani, mkongwe wa safu ya mbele, na mdomo wake ni mchafu kuliko viatu vyake. Huu ni msimu wake wa mwisho. Kamati ya nidhamu ikimtia hatiani anafungiwa msimu mzima, na hapo atakuwa ametoka kwenye raga kwa mlango wa nyuma, akiwa na jina la mbaguzi mgongoni.

Sasa tuendelee.

Chumba cha kamati kiko ghorofani, ndani ya jengo la uwanja. Dirisha lake lilipakwa rangi likiwa limefungwa, na tangu siku hiyo halijafunguka. Mlango hauna kitasa kwa ndani, kiling'oka zamani na kila mwaka fundi anasemekana yuko njiani. Anayetaka kutoka hugonga, na karani aliyeketi nje humfungulia akijisikia.

Nguzo alikalishwa kati ya Wakili wa klabu na kiti cha Nahodha. Huyu Nahodha mnamjua. Ndiye namba mbili wa timu yao, mtu wa katikati katika safu ya mbele, anayeshikana bega kwa bega na Nguzo kila mechi. Nje ya uwanja ni shemeji yake, amemwoa dada yake. Shahidi wa kutoka nyumbani kabisa, ndiyo maana Wakili alikuwa anatabasamu peke yake.

Mwenyekiti, mama mmoja jaji mstaafu aliyejua sheria kuliko mpira, alimuuliza Nahodha kama ana hakika. Nahodha akasema anayo, na inamuuma, kwa kuwa aliyetukanwa ni shemeji yake. Akasema raga ni mchezo wa heshima. Akasema ubaguzi ukichekewa huota mizizi. Aliongea vizuri, Mungu anisamehe, hata mimi ningempigia makofi.

Mwenyekiti akamgeukia Kisiki, akamuuliza kama ana swali kwa shahidi.

Kisiki alisimama. Hakuwa na wakili. Suti ilimbana mabegani, na masikio yake yalikuwa yamevimba na kukunjamana, kama ya wote waliokula miaka yao kwenye skramu.

“Kwa shahidi sina,” alisema. “Ninalo moja kwa huyu kijana. Aseme yote aliyoambiwa, kuanzia neno la kwanza.”

Wakili akainuka mbio. Maneno yalikwisha andikwa, alisema, kuyarudia ni kumtonesha mtu kidonda. Mwenyekiti alimtuliza kwa kiganja. Kwenye maelezo, alisema, anaona maneno matatu tu, “mtoto wa hema”, na kama sentensi ilikuwa ndefu kuliko hapo angependa kuisikia nzima.

Nguzo alifumba macho akarudi kule ndani. Tope, jasho, shingo imebanwa huku na huku, pumzi za watu zikimwunguza uso. Kwenye skramu vichwa hupishana, cha kwetu, cha kwao, cha kwetu, cha kwao, kama vidole vya mikono miwili iliyoshikana. Huoni mtu. Unasikia tu. Na sauti ile ilimjia sikio la kushoto.

“Ilisema,” alianza. “Ilisema, ‘Sukuma, mtoto wa hema.’”

Kisiki alibaki amesimama.

“Mama,” alisema taratibu, “mimi nilikuwa upande wa pili. Nimwambie asukume, ili asukumwe nani?”

Wajumbe wa kamati walitazamana. Lakini msisahau kwamba Wakili hakuja pale kupunga upepo. Alicheka kidogo, akaeleza kwamba hiyo ni dhihaka ya kawaida. Mtu humwambia adui yake “nipige basi” akimaanisha huna ubavu. Mwenyekiti, ambaye hajawahi kuinamisha kichwa kwenye skramu hata siku moja, aliona ina mantiki, akaandika. Kisiki akakaa.

Ukweli ulikuwa umechungulia nje, ukarudishwa ndani. Mtu mmoja tu alikuwa ameuona uso wake.

Neno lile la kwanza Nguzo alikuwa amelisahau. Tusi lilikuwa zito, likalifunika, na kwa muda wote huu alikuwa anatembea na nusu ya sentensi. Sasa neno lilisimama mbele yake peke yake. Sukuma. Kuna mtu mmoja tu ambaye humwambia sukuma katika sikio la kushoto, mechi zote, tangu alipojiunga na timu hii. Kichwa kinachogusa sikio lake la kushoto ni cha Kisiki, ni kweli. Lakini kinachofuata baada ya hicho ni cha Nahodha.

Alijaribu kulifukuza wazo. Lilirudi na mwenzake. Nani alijua habari ya hema?

Siku Nahodha alipokuja kuposa, hapakuwa na baba wala mjomba wa kumpokea. Nguzo, ingawa ni mdogo kwa dada yake, ndiye aliyevaa shati lililopigwa pasi, akakaa kwenye kochi kama mzee wa ukoo. Alimweleza mposaji bila kuficha. Sisi hatuna kwetu pa kukuonyesha, tulizaliwa hemani, kama hilo linakukera sema sasa. Nahodha alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akasema nyumba ni watu, si kuta.

Hakuna mwingine aliyewahi kuambiwa.

Nguzo alinyoosha mkono akaomba mapumziko. Wakili alimtazama kama mtu aliyeomba kushuka garini katikati ya daraja. Mwenyekiti akagonga mlango mwenyewe, karani akafungua.

Nje kwenye benchi alikuwa amekaa Dada, mkoba mapajani. Wakili alimleta awe shahidi wa mwisho, aeleze jinsi tusi lilivyoiumiza familia. Maneno yenyewe hakuambiwa. Magazeti yaliandika “maneno ya kibaguzi” bila kuyataja, na Nguzo alimsihi kila mtu yasimfikie dada yake, kwa sababu aliyetukanwa hapo si mmoja. Wakili alikubali upesi, kwa faida yake mwenyewe. Alitaka machozi mabichi mbele ya kamati.

“Umekula?” Dada alimuuliza. Ndilo swali lake siku zote, tangu wakiwa watoto, na enzi hizo jibu mara nyingi lilikuwa hapana.

Nguzo alidanganya kwamba amekula. Dada akamnyoosha kola ya shati. Nyuma yake Nahodha alikuwa ameshafika, ameweka mkono kwenye bega la mkewe.

“Shemeji,” alisema, “njoo mara moja.”

Walikwenda mwisho wa korido, kwenye stoo ya vifaa. Mito ya kufanyia mazoezi ya kukabana ilipangwa mpaka darini, na harufu ya dawa ya kuchua ilikuwa kali hata inawasha macho. Nahodha aliingia wa mwisho, akaegemeza mgongo mlangoni.

“Umejua,” alisema.

“Nimejua.”

Hakukana. Hilo ndilo lililomtia Nguzo hofu. Angekana wangegombana, pengine wangepigana, mambo yangekwisha. Nahodha alieleza tu, kama anavyoeleza mbinu ubaoni kabla ya mechi. Walikuwa wamechoka. Nguzo alikuwa amelegea. Yeye alitaka kumwasha moto, na si aliwaka? Trai si ilipatikana kwa skramu ile ile? Tena mashemeji wana utani wao tangu dunia iumbwe. Ya ndani ya skramu huachwa ndani ya skramu.

“Utani,” Nguzo alisema. “Nilikuambia yale ili umwoe dada yangu ukijua. Sikukupa uje unipige nayo.”

Nahodha alijikuna shingo.

“Na kama ni utani, kwa nini umeapa ni Kisiki?”

Nahodha alitazama viatu vyake. Jioni ile, alisema, alitaka kumwomba radhi, akakuta kidole kimekwisha nyooshwa. Kesho yake viongozi wa klabu wako nyuma ya Nguzo, mashabiki wanaandika mabango, watoto wanavaa jezi namba tatu. Angeanzia wapi? Akanyamaza. Akadhani yatapita. Kisha akaitwa shahidi.

“Kila siku niliyonyamaza mlango ulizidi uzito,” alisema. “Sasa siuwezi.”

Nguzo alimwonea huruma, na huruma ile ikamkasirisha kuliko tusi lenyewe.

“Rudi mle ndani ukamwambie yule mama.”

“Nimwambie niliapa uongo? Unahodha umekwenda, raga imekwenda, sawa, hayo niyameze. Je, nyumbani? Wapwa zako watauliza baba amefanya nini. Waambiwe amemtukana mjomba wenu. Kwa tusi gani? Linalomgusa hata mama yenu.” Akashusha sauti. “Kisiki anaondoka msimu huu hata tusipomgusa. Na mdomo wake kila mtu anaujua. Hili hakulisema, amesema mengine mengi. Wewe nyamaza tu, shemeji. Kunyamaza si kudanganya.”

Jamani, mnaona alivyofungwa? Akinyamaza, Kisiki kwisha habari yake, kwa kosa la mtu mwingine. Akimtaja Nahodha, nyumba ya dada yake inabomoka, na aliyeshika sururu ni yeye, mdogo wake aliyelelewa kwa mikono ya dada huyo. Akisema amekosea tu, kanuni waliyosomewa asubuhi iko wazi, anayemsingizia mwenzake huadhibiwa adhabu ile ile, msimu mzima. Zaidi ya hapo, kijana mwingine atakayetukanwa kesho, akienda kulalamika, ataambiwa ni yale yale ya Nguzo.

Alitafuta pa kutokea. Stoo haikuwa na dirisha. Palikuwa na mlango mmoja, na shemeji yake alikuwa ameuegemea.

“Nipishe,” alisema.

Nahodha alimpisha, lakini polepole, ili aone kwamba amepishwa.

Kwenye korido Kisiki alikuwa ameinamia bomba, anakunywa maji kwa kiganja. Hakugeuka.

“Mdomo wangu naujua, mdogo wangu,” alisema. “Shingo yako nimeitukana, timu yako nimeitukana, siku ile ile nilikuambia urudi ukanyonye. Lakini la hema sikulisema, na habari ya hema nimeisikia kwenye kamati hii kama wengine.”

Kisiki alifunga bomba.

“Binti yangu ameulizwa shuleni kama baba yake ni mbaguzi. Akaja kuniuliza mimi. Nimemwambia tusubiri kamati, wao ndio watakaosema.” Akajifuta mdomo kwa mkono wa suti, akaenda zake.

Hakumwomba Nguzo kitu chochote. Afadhali angeomba.

Karani akawaita ndani, akafunga mlango nyuma yao. Nguzo akakaa pale pale, Wakili kulia kwake, Nahodha kushoto, mabega yao yakigusana na yake. Joto lilikuwa limezidi. Aliona ni kama skramu imeanza tena, isipokuwa hakuna refa wa kupuliza filimbi.

Mwenyekiti alisema kabla hajamwita shahidi wa mwisho, anataka jibu moja kutoka kwa mlalamikaji. Lile swali la Kisiki limekaa rohoni mwake, halitaki kushuka.

“Una hakika aliyesema ni huyu?”

“Sema ndiyo ukae,” Wakili alinong'ona bila kusogeza midomo.

Nguzo alisimama.

“Si yeye,” alisema.

Kalamu ya Wakili ilianguka sakafuni. Kisiki hakushangilia. Alishusha mabega tu, akakaa ameinama. Nahodha alikuwa haonekani kupumua.

“Kama si yeye ni nani?”

Hapa ndipo nilipotaka kuingia ndani ya gazeti nimshike Nguzo kola. Alikuwa na jina mdomoni. Lilikuwa limekaa kwenye kiti cha kushoto, likimgusa bega. Lakini nje ya mlango ule kulikuwa na mwanamke mwenye mkoba mapajani, aliyewahi kumpa chakula chake akasingizia ameshiba.

“Sijui,” Nguzo alisema. “Kosa ni langu. Nilimnyooshea mtu kidole kwa hasira.”

Mwenyekiti akamgeukia Nahodha. “Na wewe uliyeapa kwamba ulimsikia kwa masikio yako?”

Mnaojipa moyo kwamba sasa Nahodha atainuka kama mwanamume, poleni. Alisema uwanjani kulikuwa na kelele nyingi. Alisema huenda alisikia vibaya. Alisema alimwamini shemeji yake. Kwa hayo alichukua mzigo wote, akautua juu ya shingo ile ile iliyomshikilia katika kila skramu.

Mwenyekiti aliivua miwani akaisafisha, ingawa haikuwa na vumbi. Alimkumbusha Nguzo kanuni ya anayemsingizia mwenzake. Nguzo akasema anaijua. Mwenyekiti akamuuliza kama yuko tayari kwa adhabu hiyo. Nguzo akasema yuko tayari, na alipokuwa anasema hivyo alimwona Kisiki akimtazama kwa jicho la mtu anayejua kabisa anachokitazama.

Wakili alifunga mafaili. Alisema kwa kuwa lalamiko limeondolewa, shahidi wa mwisho hana kazi tena. Nahodha naye aliinuka, akaomba mkewe aruhusiwe kwenda nyumbani, hajisikii vizuri.

“Mtu ameacha shughuli zake amekuja kukaa kwenye benchi langu,” Mwenyekiti alisema. “Nitamsikiliza. Wewe kaa.”

Dada aliingia akasalimia kila mtu, hata Kisiki. Hakuapishwa, maana alikuja kueleza maumivu tu, si kutoa ushahidi wa tukio. Aliketi mkoba ukiwa mapajani, akaulizwa mdogo wake ana hali gani tangu siku ile.

Alisema hali chakula. Kwa mtu wa mwili ule, asiye na ugonjwa, kutokula ni jambo la kutisha. Anakaa kibarazani mwao akishika sikio. Ukimuuliza ameambiwa nini, anasema hakuna. Na si yeye tu. Mume wake ni nahodha wa timu, alikuwepo, lakini naye akiulizwa anabadilisha mazungumzo.

“Wananificha kama mtoto mdogo,” Dada alisema. “Mimi ndiye niliyemlea huyu. Naomba na mimi niambiwe.”

“Dada, acha,” Nguzo alisema.

“Mama,” Nahodha aliingilia, “yamekwisha, hayana haja tena.”

Mwenyekiti alimwangalia huyu, akamwangalia yule. Mzee wa mahakama ana pua yake. Alivaa miwani, akageuza karatasi iliyokuwa mbele yake, akasoma kama yalivyotamkwa asubuhi ile, neno kwa neno.

“‘Sukuma, mtoto wa hema.’”

Dada, na hili ndilo lililomshinda Nguzo kulielewa, alitabasamu kidogo, kama mtu aliyekuta kitu cha kwake kwenye nyumba ya wageni.

“Hayo ni yangu,” alisema.

“Ni yako kivipi?”

“Aliniambia mume wangu. Nilikuwa leba, najifungua mtoto wetu wa kwanza, nguvu zimeniishia. Alinishika mkono akaniambia hivyo hivyo sikioni. Na mimi nikasukuma.”

Alikuwa anayasema kwa upole, kama mtu anayehadithia jambo jema lililowahi kumpata. Katikati ya maneno yake mwenyewe tabasamu likaanza kumtoka. Alimtazama mdogo wake, ambaye alikuwa ameufunika uso kwa viganja. Akageuka kumtafuta mumewe.

Kiti kilikuwa kitupu. Nahodha alikuwa amefika mlangoni, anapapasa ubao mahali ambapo kitasa kingekuwa.

“Usigonge,” Mwenyekiti alimwambia. Kisha akamrudia Dada, na sauti yake ilikuwa ya mama kwa binti. “Mwanangu, hayo uliyoyasema, uko tayari kuyarudia kwa kiapo?”

Dada alimtazama mumewe. Akamtazama mdogo wake. Akauchukua mkoba wake mapajani, akauweka sakafuni, ili mkono wa kulia uwe huru.